Waandishi wa riwaya na simulizi: jina lako linasomekaje Facebook, kwenye lipa namba na kwenye jalada?

#1 Mhariri wa Kota (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaoandika riwaya, simulizi, mashairi na vitabu vya watoto, hasa nyinyi mnaouza wenyewe bila mchapishaji. Kazi yangu ni uhariri, na miswada mingi ninayoletewa ni mizuri kweli. Kinachoniuma ni yale yanayofuata baada ya kazi kutoka. Msomaji kaipenda sehemu ya kwanza, anaitaka ya pili, pesa anayo, na bado hajui mwandishi ni nani.

Mfuateni huyo msomaji. Facebook kakuta ukurasa wa "Simulizi Tamu za Usiku". Juu ya hadithi pameandikwa "Mtunzi: Juma H." Instagram mtu yuleyule ana jina la Kiingereza lenye 255 mwishoni. TikTok ana jina la tatu lenye mwaka wake wa kuzaliwa. Msomaji anapewa namba ya WhatsApp, anakuta picha ya ua na jina la utani. Akisema atume pesa, simu inamwonyesha majina matatu ya mtu asiyewahi kumsikia, pengine ya dada wa mwandishi kwa kuwa laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha dada. Hapo anasita, na ana haki ya kusita. Nani katika nchi hii hajapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"?

Tukisema chapa ya mwandishi, wengi wanakimbilia nembo, rangi na fonti. Mimi nashika jina kwanza. Jina la mwandishi lina kazi moja kubwa: aliyekupenda mahali pamoja akutambue mahali pengine bila kumuuliza mtu. Nembo itakuja baadaye, na isipokuja hakuna kitakachoharibika.

Wala jambo hili halikuletwa na intaneti. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipotoa "Mzimu wa Watu wa Kale" mwaka 1960, mpelelezi wake aliitwa Bwana Msa, yaani herufi za mwanzo za majina yake mwenyewe mwandishi. Elvis Musiba alikuwa na Willy Gamba. Ben R. Mtobwa alikuwa na Joram Kiango. Vitabu vile vilipita mikono mingi, majalada yakatoka, kurasa za mwanzo zikapotea, lakini ukifungua katikati ukakuta Joram Kiango yuko matatani, unajua uko kwa Mtobwa. Leo sehemu zenu zinanakiliwa usiku huohuo, mstari wa "Mtunzi" unafutwa, hadithi inabandikwa kwenye grupu lingine. Kufuta mstari wa juu ni kazi ya sekunde. Kumfuta mhusika aliyejaa hadithi nzima ni kuiandika upya. Mwenye mhusika wa kudumu ana jina la pili linalosafiri ndani ya maneno yenyewe, na nashangaa ni wachache mno siku hizi wanaofanya hivyo.

Nianze na tahajia. Majina yetu yana sura nyingi: Mohamed, Mohammed, Muhammad, Said na Saidi, Abdallah, Abdalla, Abdulla, Asha na Aisha. Amua moja, na iwe hiyohiyo kwenye jalada, kwenye kila akaunti na kwenye faili la PDF unalotuma. Kama jina lako ni la kawaida sana, aina ya Juma Hassan, ongeza jina la babu au herufi ya katikati na usiiache tena. Majalada ya Mtobwa yana ile R. Ukiweka herufi leo na kesho ukaisahau, umezaa waandishi wawili.

Halafu jina la akaunti, na hapa kuna vipimo ambavyo watu wanavigundua wakiwa wamechelewa. X inapokea herufi 15 tu kwenye jina la akaunti. TikTok ni 24, Instagram 30. Instagram inakubali nukta katikati ya jina. X haikubali, ni herufi, tarakimu na mstari wa chini basi. Kwa hiyo ukitaka jina moja kila mahali, lipime kwa mtandao ulio mbanifu kuliko yote: herufi zisizidi 15, bila nukta. Mfano tu: "mwandishijumambuyuni" ni herufi 20, X itakataa. "jumambuyuni" ni 11, inapita kote. Wenye majina ya ng' wakumbuke kuwa ule mkato hauingii, waamue mapema wataandikaje bila huo. Ukilipata jina lililo huru, lichukue kote siku hiyohiyo, hata mtandao ambao huna mpango wa kuutumia mwaka huu. Akaunti iliyolala yenye jina lako ni afadhali kuliko akaunti hai yenye jina lako inayoendeshwa na mtu mwingine.

Lipa namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu, ndiyo hasa iliyonifanya nifungue uzi. Waandishi wengi wanapokea pesa kwa namba ya kawaida, na jina linalotokea ni la kwenye usajili wa laini. Kama unaandika kwa jina la kalamu, majina hayo mawili hayaonani kabisa. Njia ipo: sajili jina la kalamu, au jina la ukurasa wako wa simulizi, BRELA (wakala wa usajili wa biashara Tanzania) kama jina la biashara, kisha omba lipa namba kwa jina hilo. Msomaji akilipa, kinachotokea kwenye simu yake ni kile alichokisoma juu ya hadithi. Nimeona waandishi wakibishana wiki nzima kuhusu rangi ya jalada na hawajagusa jambo hili ambalo liko mlangoni kabisa mwa pesa yao. Kwa ambaye hajafika huko, walau aandike wazi mwishoni mwa kila sehemu: "Malipo yatasomeka jina fulani." Iandike kwenye ukurasa na kwenye WhatsApp, kwa maneno yaleyale.

Picha: tumia moja, ya uso, iliyopigwa kwenye mwanga. Kwenye simu inaonekana kama kiduara kidogo mno, kwa hiyo picha ya mwili mzima ukiwa ufukweni haimwambii mtu kitu. Asiyetaka uso wake uonekane achague mchoro mmoja akae nao. Ua la dukani kila mtu analo.

Maelezo mafupi ya kukuhusu yaanze na TikTok, kwa sababu huko una herufi 80 tu. Ukiweza kujieleza kwa 80, Instagram yenye 150 na X yenye 160 hazitakusumbua. "Riwaya za upelelezi kutoka Tanga. Sehemu mpya kila Ijumaa." Hayo hayafiki herufi 60, na msomaji ameshajua aina ya kazi, mahali na siku. Ukishaandika kila Ijumaa, iwe Ijumaa kweli. Kwa msomaji wa simulizi za vipande, siku ni sehemu ya jina lako.

La mwisho, lugha. Mwandishi ana kitabu chenye Kiswahili kilichonyooka, ukienda kwenye ukurasa wake unakuta "ana kuja", "apa kwetu", r na l zimebadilishana, sentensi hazina nukta. Mnasema hiyo ni mitandao tu. Kwa msomaji ambaye hajanunua kitabu, posti yako ndiyo kionjo pekee alichonacho. Fundi cherehani hatoki na shati lililofumuka mabegani akategemea kuletewa kitambaa. Utani sawa, Kiswahili cha mtaani sawa kama ndicho unachoandikia, lakini kiwe kimepita mikononi mwako.

Karibuni tujadili. Wenye hoja tofauti nawasubiri kwa hamu zaidi.

#2 Dereva wa Riwaya

Mkuu, la malipo umenigusa. Mimi ni msomaji tu, siandiki. Kuna simulizi niliifuata hadi pazuri, nikaambiwa nilipie zilizobaki. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke, na mtunzi anajitambulisha kama mwanaume. Nikaghairi. Baadaye nikajua ni mkewe. Mtunzi hakunidanganya, ila hakuniandaa.

#3 BintiKisarawe

Asante kwa somo, mkuu. Swali langu ni zito kidogo. Ninaandika simulizi za mapenzi za watu wazima, na ndizo zinazonilisha. Mwaka huu nimeanza vitabu vya watoto wa darasa la kwanza na la pili, na kuna mwalimu mkuu mmoja ameonyesha nia ya kuvichukua. Ukisema jina moja kila mahali, mimi nakwama. Mzazi akitafuta jina langu akutane na nini?

#4 Kalamu ya Kale

Nina shaka na mwelekeo wote wa uzi huu. Shaaban Robert alikuwa na akaunti gani? Kezilahabi alikuwa na TikTok? Kazi ikiwa nzuri inajitangaza. Hizi habari za chapa ni biashara ya sabuni imeingizwa kwenye fasihi. Mtu atumie muda kuandika.

#5 Mhariri wa Kota (mleta uzi)

BintiKisarawe, dada yangu, swali lako linastahili jibu refu, nitakuja kwako sasa hivi. Nianze na Kalamu ya Kale.

Ndugu yangu, nakuheshimu, ila Shaaban Robert ni mfano unaonisaidia mimi. Mashairi yake yalikuwa yakitoka kwenye gazeti la Mambo Leo, na wasomaji wa gazeti walimfahamu kwa jina lilelile walilokuja kulikuta kwenye vitabu. Na utamaduni wetu wa ushairi ulishaliwekea jambo hili kanuni zamani: malenga anataja jina lake au lakabu yake kwenye beti la mwisho, mara nyingi na mji anaotoka, humohumo ndani ya mizani na vina. Shairi likinukuliwa kwa mdomo, likaimbwa ngomani, mwenyewe yumo. Hakuna aliyewaita wale malenga wauza sabuni. Walijua maneno yana miguu na mwenye maneno hana budi kwenda nayo.

Kuhusu muda wa kuandika tuko pamoja kabisa. Anayeposti mara nane kwa siku na hana sura mpya hata moja, huyo tumempoteza. Ninayoyasema ni mambo ya kupanga mara moja, kisha yanakaa.

Sasa dada yangu. Majina mawili si dhambi, na kuna njia mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni ya wazi. Mskochi Iain Banks alitoa riwaya yake ya kwanza, "The Wasp Factory", mwaka 1984 kwa jina hilo. Alipoanza kutoa riwaya za sayansi ya kubuni mwaka 1987 akaongeza herufi moja tu, akawa Iain M. Banks. Kila mtu alijua ni mtu yuleyule. Herufi ile ilimwambia msomaji ni rafu gani amesimama, na kila upande ulibaki na jina lake miaka yote hadi alipofariki 2013. Ya pili ni ya siri. J. K. Rowling alitoa riwaya ya upelelezi Aprili 2013 kwa jina la Robert Galbraith. Julai mwaka huohuo siri ikafichuka, na mauzo yakapaa mara moja. Yaani kabla ya hapo jina jipya lilikuwa linaanza kama mwandishi mwingine yeyote asiyejulikana, ingawa kalamu ilikuwa ileile.

Kwako, kwa kuwa ni watoto na wazazi, njia ya herufi moja haitoshi. Ningekushauri majina mawili yasiyofanana, lile la mapenzi libaki na wasomaji wake, la watoto lianze safi. Lakini jua gharama: akaunti mbili, picha mbili, lipa namba mbili, na kila jina lifuate kanuni zote nilizosema juu. Na usitumie namba moja ya simu kwa pande zote mbili. Mitandao hii inasoma orodha ya namba kwenye simu za watu na kuwapendekezea akaunti za wanaofahamiana nao. Mwalimu mkuu mwenye namba yako anaweza kupendekezewa ukurasa wa mapenzi bila wewe kutamka neno. Chukua laini nyingine, na uzime ile sehemu ya kuoanisha namba kwenye mipangilio ya kila akaunti.

#6 Mzee wa Maktaba

Nimefanya kazi ya kuorodhesha vitabu kwa muda mrefu, niongeze ya upande wetu.

Mwandishi anadhani jina lake linasomwa na watu tu. Linasomwa na orodha pia, na orodha haina huruma. Kitabu cha kwanza ukiandika "J. Hassan" na cha pili "Juma Hassan", mkutubi mwangalifu ataviunganisha, lakini duka la mtandaoni halitakuuliza. Litakufungulia kurasa mbili. Kwenye Goodreads, mtandao wa wasomaji wa vitabu, hata waandishi wawili wenye jina linalofanana herufi kwa herufi wanatenganishwa kwa kuongeza nafasi tupu katikati ya majina ya mmoja wao. Usipokagua, unaweza kukuta kitabu chako kimewekwa kwa mtu wa bara lingine.

Kuna namba ya kimataifa ya kumtambua mtunzi inayoitwa ISNI, ina tarakimu 16. Kama vile ISBN ilivyo ya toleo la kitabu, ISNI ni ya mtu mwenyewe au ya jina analotumia hadharani. ISBN kwa Tanzania inapatikana Bodi ya Huduma za Maktaba. Ukiona 9976 au 9987 baada ya 978 ujue ni kitabu cha Tanzania, 9966 ni cha Kenya. Ukijaza fomu hiyo, andika jina kama litakavyokuwa kwenye jalada. Kinachojazwa pale ndicho kinachoanza kusambaa.

Wanaoogopa kubadilisha jina walilokwisha kulizoesha watu wamtazame Ngũgĩ wa Thiong'o. "Weep Not, Child" ya 1964 ilitoka kwa jina la James Ngugi, na vitabu viwili vilivyofuata hivyohivyo. Alipoliacha jina la James hakuwa na majina mawili sambamba. Kazi mpya zilitoka kwa jina jipya, na za zamani zilipochapwa upya zikapewa jina hilohilo. Leo kijana anayenunua "Weep Not, Child" hakuti James kwenye jalada. Kubadilisha jina kunawezekana, ila unabadilisha na ya nyuma.

Na jambo la kisheria kwa wenye lakabu. Chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ulinzi wa kazi kwa kawaida ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa uchache. Kwa kazi ya jina la kalamu ambalo mwenyewe hajulikani, miaka 50 huhesabiwa tangu kazi ilipotolewa. Jina la kalamu likijulikana bila shaka ni la nani, hesabu inarudi kwenye maisha yake. Kwa hiyo mkataba na mchapishaji uwe na majina yote mawili, la kitambulisho na la kalamu. Wajukuu watakushukuru.

#7 Mwana wa Likoni

Assalaam aleikum wanajamvi. Huku Mombasa mfano ninao karibu. Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo ukimtaja kwa mtu wa hapa utasikia "Malenga wa Mvita", na hilo ni jina la diwani yake iliyotoka 1971. Kitabu na mtu vimekuwa kitu kimoja. Naona aliyosema mleta uzi kuhusu Bwana Msa na hili ni ndugu.

Upande wa malipo, huku twatumia till, namba ya biashara ya kulipia kwa simu. Jina la biashara latokea kabla hujathibitisha, kwa hivyo shauri ni lilelile. Swali langu: wasomaji wangu wengine wako Maskati na Dubai. Wananisoma WhatsApp, lakini wakitaka kitabu hawajui pa kushika.

#8 Mhariri wa Kota (mleta uzi)

Waaleikum salaam ndugu wa Likoni. Mzee wa Maktaba, shikamoo, hilo la kuweka majina yote mawili kwenye mkataba nitalibandika kwenye meza yangu.

Kwa walio nje ya nchi, jambo la msingi ni kuwa na ukurasa mmoja ambao ni wako mwenyewe, kwenye kikoa chako, iwe .co.ke au .co.tz. Pale ziwepo njia zote za kupata kitabu, ya hapa na ya huko, na kila akaunti yako ielekeze hapo. Kiungo kimoja tu. Ukibadilisha namba au duka, unabadilisha pale, na posti za miaka mitatu nyuma bado zinamfikisha mtu.

Nina sababu nyingine ya kung'ang'ania hili. Mei 2025 X ilizuiwa Tanzania, na waandishi waliokuwa wamewakusanya wasomaji wao huko walijikuta wakizungumza na wachache wenye VPN. Uganda walifungiwa Facebook Januari 2021. Mimi siwezi kumshauri mtu aweke jina lake lote kwenye nyumba ambayo funguo anazo mwingine. Chaneli ya WhatsApp ni nzuri, Telegram ni nzuri, lakini kuwa pia na orodha ya baruapepe za wasomaji wako, hata kama ni fupi. Orodha hiyo unaondoka nayo popote.

Na wanaouza Amazon wakumbuke kuwa jina la malipo na kodi ni la kwako halisi, ila jina linaloonekana kwa msomaji ni ulilojaza kwenye kitabu. Mnaweza kutumia jina la kalamu bila kuvunja chochote. Lijazwe tu sawasawa kwenye kila kitabu.

#9 Sauti ya Jioni

Ninaendesha chaneli ya kusoma simulizi kwa sauti YouTube. Najua mnatuchukia, na kati yetu wapo wanaostahili. Ila niseme ukweli wa upande huu. Kuna hadithi nzuri zinanifikia zikiwa zimepita kwenye magrupu, hazina jina wala namba. Ninapotaka kumwomba mwenyewe ruhusa, natafuta jina la mhusika mkuu, napata kurasa tano zinazodai kuwa ndiyo mtunzi. Mwenye hadithi halisi simtambui kwa sababu kurasa zake mwenyewe hazifanani. Wale wezi majina yao yanafanana kote.

#10 Kalamu ya Kale

Sauti ya Jioni umeniweka mahali pagumu. Hilo la mwizi kuonekana halisi kuliko mwenye mali sikuwa nimelifikiria. Mleta uzi, bado sipendi neno chapa, lakini jina nakubali. Vipi sasa mtu ajilinde ndani ya hadithi yenyewe, kama wale malenga? Nathari haina beti la mwisho.

#11 Mhariri wa Kota (mleta uzi)

Sauti ya Jioni, asante kwa kusema. Hicho ulichokiona ndicho kinachonifanya nisilale.

Kalamu ya Kale, nathari haina beti la mwisho lakini ina njia zake. Mhusika wa kudumu nimeshamsema. Njia nyingine ni mazingira yako mwenyewe: mtaa uleule, kituo cha polisi kilekile cha kubuni, mama ntilie yuleyule anayerudi katika kila riwaya. Anayeiba sehemu moja anabeba mtaa wako mzima bila kujua, na msomaji wako wa zamani anautambua. Pia jina liwekwe katikati ya sehemu, si juu tu wala chini tu, mahali ambapo tukio limekatika: "Hii ni sehemu ya 7 ya kazi ya fulani, inatoka kila Ijumaa kwenye ukurasa wake." Anayenakili kwa haraka huwa anafuta juu na chini, na katikati anapasahau. Kwa wanaotoa PDF, jina likae kwenye kila ukurasa, na kwenye jina la faili pia. Faili linaloitwa "riwaya mpya final 2" halimtangazi mtu.

Na kabla ya kutoa sehemu ya kwanza hadharani, muswada mzima uwe umekamilika kwa kiasi cha kuupeleka COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania) ukasajiliwe. Haki yako inaanza pale unapoandika, usajili hauizai. Ila siku ya kubishana, cheti chenye tarehe kinafupisha maneno.

Kuhusu kurasa tano zinazodai hadithi moja: mwenye jina moja kote, ukurasa wake mwenyewe na posti ya kwanza yenye tarehe ya zamani kuliko zote, akilalamika Facebook au YouTube kuwa ameibiwa, ana kitu cha kuonyesha. Mwenye majina manne anaanza kwa kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

#12 Dereva wa Riwaya

Nashauri waandishi mtusaidie na namba za sehemu. Mwingine anaandika "sehemu ya 12", mwingine "EP 12", kisha ghafla "muendelezo". Ukiwa safarini mtandao unakatika, ukirudi hujui umeishia wapi.

#13 BintiKisarawe

Nimesoma yote tangu jana. Nimeamua hivi: jina la mapenzi linabaki kama lilivyo, ila nafuta ile nukta kwa sababu X haikulikubali na huko nilikuwa natumia jina tofauti. La watoto ni jina la bibi mzaa mama, lina herufi 9, nimelikuta huru kote nikalichukua. Laini mpya nimesajili leo kwa kitambulisho changu mwenyewe. BRELA naanza na la watoto kwa sababu shule itataka risiti.

Kinachonisumbua ni hadithi za zamani. Zipo nyingi kwenye magrupu zenye jina la kwanza kabisa nililoanza nalo, kabla ya haya yote. Nizifuatilie au niziache?

#14 Mhariri wa Kota (mleta uzi)

Umefanya vizuri, dada. Zilizoko kwenye magrupu ya watu huwezi kuzikusanya, usijichoshe. Zilizoko kwenye kurasa zako ndizo za kushughulikia. Posti ya Facebook inaweza kuhaririwa, kwa hiyo anza na zinazosomwa zaidi, badilisha jina la mtunzi na namba ya malipo, na uweke kiungo cha ukurasa wako mpya. Halafu chagua simulizi moja ya zamani iliyopendwa sana, ipitie upya, itoe tena kuanzia sehemu ya kwanza kwa jina unalotumia sasa. Pale mwanzoni sema wazi kwamba iliwahi kutoka kwa jina lile la zamani na kwamba mwandishi ni wewe. Wanaolikumbuka jina la kwanza watakutana na la sasa hapohapo, na injini za utafutaji zitayaona yote mawili kwenye posti moja.

Akaunti ya jina la zamani usiifute. Ukiiachia, baada ya muda mtu mwingine anaweza kulichukua. Iache na posti moja iliyobandikwa juu, yenye jina jipya na kiungo.

Dereva, hilo la namba za sehemu nalichukua, nitaliingiza kwenye maelekezo ninayowapa waandishi wangu.